Hilux inavuma ikifika kilomita 90: nibadilishe sailensa?

SWALI: Nina Hilux ya mwaka 1999, dizeli, injini ya aina ya 5L. Sailensa ya zamani ilioza, fundi akanifungia nyingine ndogo iliyonyooka. Mjini haina neno, ila nikishika barabara kuu na kufika kilomita 90 kwa saa, mizunguko 2,400 hivi, kebini yote inavuma mpaka kichwa kinauma. Nikiongeza mwendo, uvumi unapungua. Niweke zulia zito sakafuni?

JIBU: Zulia liache kwanza. Injini ya silinda nne hupiga mara mbili katika kila mzunguko, kwa hiyo kwenye mizunguko 2,400 kwa dakika unapata mipigo 80 kwa sekunde. Wimbi la sauti nzito namna hiyo lina urefu wa zaidi ya mita 4 hewani, na zulia halilizuii.

Hakikisha kwanza kwamba kosa ni la ekzosi, yaani bomba la moshi. Barabara ikiwa tupu, ukiwa kwenye kilomita 90, kanyaga klachi na uachie mafuta kwa sekunde chache. Uvumi ukibaki palepale, kagua propela (shafti inayopeleka nguvu nyuma), kros (viungo vyake) na matairi. Ukikatika, ekzosi ndiyo yenye kesi.

Kisha ingia chini ya gari, bomba likiwa limepoa. Mara nyingi hapa ndipo tatizo lilipo: raba za kuning'iniza ekzosi zilishakatika, na mtu akafunga waya. Waya unapitisha kila mtikisiko wa bomba hadi kwenye chesisi, na kebini inageuka ngoma. Funga raba mpya. Shika bomba ulitikise. Tafuta sehemu iliyong'aa kwa kusuguana na chesisi. Masizi meusi kwenye flanji, pale mabomba yanapofungwa kwa bolti, yanaonyesha gasketi ya katikati inavuja, na hilo usilichelewe, maana moshi unaoingia kebini ni sumu. Tazama na mauntini, raba zinazobeba injini.

Baada ya hapo jaribu gari kabla ya kununua chochote.

Uvumi ukibaki, sailensa yenyewe ina lake. Ile iliyonyooka, bomba la matundu lililozungushiwa sufi, hupunguza sauti kali lakini sauti nzito huipitisha. Ningerudisha yenye vyumba ndani, yenye ujazo kama ya kiwandani, na mkia wa bomba upite ukingo wa bodi.

Kama hilo halitoshi, fundi wa kuchomelea akutengenezee tawi: kipande cha bomba la kipenyo kilekile, kimezibwa mwisho, kimeunganishwa ubavuni mwa ekzosi, mbali na ncha ya nyuma. Wimbi linaingia, linagonga kizibo na kurudi kinyume na linalofuata, hivyo yanauana. Kwenye gesi ya nyuzi 200 hivi sauti husafiri karibu mita 430 kwa sekunde. Gawa kwa ile mipigo 80, kisha kwa 4 kwa kuwa tawi huwa robo ya wimbi, unapata mita 1.34 hivi. Gesi iliyotuama ndani ya tawi huwa imepoa zaidi, kwa hiyo anza na urefu huo, kizibo kikazwe kwa klampu, ukate kidogo kidogo huku ukijaribu barabarani. Kizibo kichomelewe mwishoni kabisa.