Hitipampu yako sio mbovu mkuu, unaitesa tu. Jibu refu la winta sita

Mkuu uliyeuliza jana, nimesoma swali lako nikacheka halafu nikajionea huruma mwenyewe, maana ulichoandika ni mimi kabisa winta yangu ya kwanza. Kwa ambao hawakuona: jamaa kahamia Maine (jimbo la baridi kali kaskazini mwa Marekani) kutoka Texas, kapanga nyumba yenye hitipampu ukutani (mashine ya umeme ya kupasha nyumba joto), anasema alfajiri mashine ya nje inafuka moshi, ya ndani inasimama yenyewe na kupuliza kaubaridi, anaizima akienda kazini na akirudi anakuta nyumba jokofu, bafuni anawasha kahita kadogo, na bili ya umeme imekuja dola 412. Anataka amwambie mwenye nyumba waing'oe, warudi kwenye boila ya mafuta (lile tanuri linalopasha nyumba kwa kuzungusha maji ya moto).

Usiing'oe. Sasa chukua chai ukae, hili jibu ni refu.

Mi mtoto wa Temeke, AC nilikuwa nazijua za ofisini tu, na hitipampu ndio ile ile AC ila ndani ina valvu inayogeuza njia ya gesi. Kule Dar inachukua joto la chumbani inalitupa nje, ndio maana ukipita nyuma ya maduka Kariakoo unapulizwa upepo wa moto usoni. Huku winta inafanya kinyume chake, inachukua joto la nje inaliingiza ndani. Najua utauliza joto gani lipo nje kwenye -10 sentigredi, nami niliuliza hivyo hivyo. Hiyo gesi (yangu ni R-410A, mashine mpya siku hizi zinakuja na R-32 au R-454B) kwenye presha ya kawaida inachemka kwenye kama -50, kwa hiyo kwake yeye -10 ni joto tosha, inalinyonya, kompresa inaikandamiza mpaka inakuwa ya moto, halafu feni ya ndani inakupulizia. Hakuna kinachoungua humo. Na kwa sababu inahamisha joto badala ya kulitengeneza, uniti 1 ya umeme inakupa kama uniti 3 za joto siku ya baridi ya kawaida, ikishuka mpaka -15 unapata 2 hivi. Kahita kadogo ka kuchomeka ukutani kanakupa 1 tu miaka yote.

Haya, huo moshi wako. Januari yangu ya kwanza hapa, saa kumi na moja alfajiri najiandaa kwenda shifti, nachungulia dirisha la jikoni naona kitu cheupe kizito kinapanda ukutani kinaelekea dirisha la watoto. Nikapiga kelele mama watoto amka nyumba inaungua! Nikatoka na kandambili kwenye sno, ndoo ya maji mkononi, lakini nikapata akili ya kupitia kwanza kwenye breka (swichi ya umeme wa mashine) nikazima. Jirani yangu, mzee mmoja wa Kizungu, alikuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari, ananiangalia tu, akasubiri nifike karibu na mashine ndio akaniambia kwa upole hiyo inayeyusha barafu yake, iache. Na mi nimeshaizima! Barafu ilikuwa imeyeyuka nusu, maji yakaganda upya kwenye trei ya chini, nilipowasha feni ikawa inagonga barafu ta-ta-ta-ta mtaa mzima unasikia.

Kinachotokea ni kwamba koili ya nje (yale mabomba ya gesi yenye bati nyembamba) inakuwa baridi kuliko hata hewa inayoizunguka, unyevu unaganda juu yake kama zile friza za zamani za kuuzia maji na barafu, ikizidi hewa haipiti. Basi mashine inageuza ile valvu kwa muda, inaazima joto kidogo la ndani inaipasha koili ya nje, feni inasimama, unasikia fyuuuu, mvuke unapanda. Ndio moshi wako huo, mvuke wa maji. Ya ndani nayo inasimama au inapuliza kaubaridi, dakika 5 mpaka 10, halafu kazi inaendelea. Utaiona zaidi siku zile za kwenye sifuri zenye ukungu na theluji ya majimaji kuliko siku za -20 kavu, mi hilo lilinichanganya sana mwanzoni. Cha kukutia wasiwasi ni kama barafu imefunika koili nzima na masaa yanapita haiondoki, hapo ndio ita fundi. Na usije ukaigonga na nyundo wala kuchokoa na kisu! Zile bati za koili ni laini kama karatasi ya sigara, na nyuma yake ndio bomba la gesi. Maji ya uvuguvugu yanatosha, mashine ikiwa imezimwa kwa rimoti.

Sasa tuje kwenye kosa lako lenyewe, la kuzima ukienda kazini na kuwasha ukirudi ukaweka 80 (za Farenhaiti, kama 27 sentigredi) eti ipashe haraka. Nakuelewa, sisi tumekua tunazima taa kila tukitoka chumbani sababu ya LUKU. Lakini hii mashine ichukulie kama jiko la mkaa lenye chungu cha maharage, ukiacha moto mdogo unaotulia yanaiva na mkaa unabaki, ukizima kila baada ya nusu saa ukaja kupuliza moto mkubwa, mkaa umeisha na maharage magumu. Ukizima masaa tisa kinachopoa sio hewa peke yake, ni kuta, sakafu, kochi, masufuria, vyote hivyo inabidi vipashwe upya, na inafanya hivyo jioni wakati nje baridi inazidi, kompresa ikiwa spidi ya mwisho ambako ndiko inakula umeme mwingi kwa joto dogo. Ikiachwa inajiendesha polepole huwezi hata kusikia. Na kuweka 80 hakuiharakishi saana, kunaifanya tu isijue pa kuishia. Mi nilijaribu, wiki moja ya kuzima na kuwasha ilikula uniti 231, iliyofuata nikaiacha kwenye 68 (20 sentigredi) usiku na mchana ikala 198. Sio utafiti, baridi ya wiki mbili haiwezi kulingana, lakini kwenye hiyo ya pili hakuna mtu aliyevaa jaketi akiangalia TV.

Kwenye rimoti weka alama ya jua, joto peke yake. Usiiache kwenye AUTO, maana mchana jua likipiga kupitia dirishani inaweza kuamua chumba kimezidi joto ikaanza kupoza, Februari! Kitu kingine, kile kisensa cha kupima joto kipo ndani ya mashine kule juu karibu na dari ambako hewa ya moto ndio inakusanyika, kwa hiyo yeye anaona 70 wakati we kwenye kochi upo kwenye 66. Puuza namba, panda digrii moja moja mpaka uridhike halafu rimoti ifiche watoto wasiione. Feni iache AUTO au ipandishe, watu wanaipunguza wakidhani wanabana matumizi, kumbe joto linabaki limekwama kwenye mashine. Kipepeo (lile bapa linaloelekeza hewa) kielekeze chini, hewa ya moto inapanda yenyewe.

Filta. Umeshawahi kuifungua? Nauliza kwa sababu mi sikuifungua miezi saba, hakuna aliyeniambia. Sebule yetu imeungana na jiko na nyumbani kwangu samaki wanakaangwa, vitunguu vya pilau vinakaangwa, na huku winta hufungui dirisha. Siku nimeinua ule mfuniko wa mbele nilidhani kuna kipande cha blanketi kimesahaulika humo. Kijivu, kinene, kinanata mafuta, nikikivuta kinatoka kizima kama ngozi ya mbuzi. Nikaosha na maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, nikaacha ikauke vizuri kivulini, kurudisha tu mashine ikapumua, hewa ikafika mpaka kwenye ngazi ambako haijawahi kufika. Sasa hivi naosha kila wiki tatu winta, dakika kumi imeisha. Filta ikiziba joto halitoki, kompresa inakimbia bure, sehemu ya hiyo 412 yako inaweza kuwa imelala hapo.

Ila kuna uchafu ambao filta haiuzuii. Chukua tochi ya simu, zima mashine, mulika pale hewa inapotokea, utaona lile gurudumu refu la feni. Likiwa na madoa meusi au vumbi limeganda kwenye mapanga yake, hilo wewe huliwezi, anaitwa fundi anafunga mfuko wa nailoni chini na kuosha kwa presha. Nililipa dola 275 kwa mashine moja, iliniuma, lakini maji yaliyotoka yalikuwa kama kahawa. Kila mwaka au miaka miwili inatosha. We mpangaji, hiyo ni ya mwenye nyumba, mwandikie meseji ili ushahidi uwepo.

Kuhusu mafundi niseme kitu kimoja maana kimenitoka hela. Kampuni moja ilinitumia kijana, kafika, kashika bomba kwa mkono, kaniambia gesi imepungua anaongeza kidogo. Hajafunga geji ya kupima presha, hajapima chochote. Nikakumbuka kule nyumbani kila mwaka fundi AC anakuja "kujaza gesi" na ofisi inalipa kama ada ya shule. Gesi haitumiki ikaisha kama petroli! Inazunguka tu kwenye mabomba yaliyofungwa, ikipungua maana yake inavuja mahali, na asiyetafuta panapovuja anakuuzia gesi uje umuite tena. Mara nyingi ni pale kwenye nati za kuungia bomba za shaba, povu la sabuni linaonyesha. Fundi wa pili alilikuta, akakaza upya, akatoa gesi yote, akavuta hewa na pampu, akarudisha gesi kwa kupima kwenye mizani kwa uzito ulioandikwa kwenye lebo. Huyo ndio fundi.

Nje kazi ni ya beleshi tu. Sno ikianguka, zungushia mashine nafasi, nyuma na pembeni futi moja, mbele zaidi, na angalia chini yake pawe wazi maji ya ile barafu yapate pa kwenda. Kama imekaa chini kabisa kwenye zege, mwambie mwenye nyumba ainyanyue kwa stendi. Na tazama juu, kama paa linadondoshea maji kwenye mashine, usiku yanaganda juu ya feni, asubuhi unasikia ile ta-ta-ta-ta yangu. Turubai usifunike, nimeona watu wanaifunika kama pikipiki, itapumua vipi sasa.

Boila usiiuze hata kama umeipenda hitipampu. Hili naliweka kwa sababu hakuna anayekwambia mpaka yakukute. Februari 2023, tarehe 3 na 4, ile baridi ambayo juu ya Mlima Washington hapo New Hampshire ilifika -78 sentigredi ukihesabu na upepo, mashine yangu iliendelea kupuliza joto sebuleni, tunakunywa tangawizi, tunajisifu. Kumbe boila haijawaka wiki mbili, besimenti (chumba cha chini ya nyumba) haina joto lolote, na bomba la maji linalopita kando ya ukuta wa kaskazini limeganda. Asubuhi bomba la jikoni linatoa sauti tu. Tulibahatika halikupasuka, mwenzangu mmoja lake lilipasuka na zulia lote likaenda. Toka hapo baridi ikikaribia -15 nawasha boila masaa machache usiku, besimenti ipate joto na maji yazunguke.

Na hesabu za mafuta usidanganywe na yeyote. Galoni 1 ina joto la kama uniti 40, boila inapoteza nyingine kwenye bomba la moshi unabaki na 34. Hitipampu kukupa hizo 34, kwa wastani wa uniti 2.7 hivi za joto kwa kila 1 ya umeme, inakula uniti 12 na nusu. Kwangu uniti moja ukijumlisha na gharama ya kuisafirisha inafika senti 28, kwa hiyo ni dola 3 na nusu. Galoni ikiuzwa bei hiyo hiyo wametoka sare, mafuta yakipanda hitipampu inashinda, na kuanzia Oktoba mpaka Disemba halafu Machi na Aprili inashinda kwa urahisi zaidi sababu nje hakujawa na baridi ya kutesa. Anayekwambia utaokoa nusu ya hela muulize bei yake ya umeme kwanza.

Hiyo 412 yako sasa, kabla hujailaumu mashine fungua bili uone ni uniti ngapi. Kwa bei yangu ni kama 1,470, na kama tanki lako la maji ya moto ni la umeme, familia yenye watoto hilo peke yake linameza 300 na zaidi kwa mwezi. Na hako kahita kadogo ulikosema unakawasha bafuni "kusaidia", masaa sita kwa siku kwenye wati 1,500, ni uniti 9 kila siku, 270 kwa mwezi, piga hesabu mwenyewe.

Leo usiku fanya viwili tu, kang'oe ukutani hako kahita na ufungue filta. Ukishaifungua tupia picha hapa, nataka kuona kama blanketi lako limeshinda langu.