Maswali ya wasomaji: mizani, vina na bahari (aina) za ushairi

Shikamoo mwalimu. Niko kidato cha tatu, Moshi. Nimeandika "Mlima wetu Kilimanjaro, theluji yako yang'ara", nikaambiwa mizani imezidi. Imezidi wapi?

Marahaba mwanangu. Mizani ni idadi ya silabi katika mshororo, yaani mstari wa shairi; basi hesabu silabi, usihesabu maneno. Utao, yaani kipande cha pili, uko sawa: the-lu-ji-ya-ko-ya-ng'a-ra, nane. Kosa liko kwenye ukwapi, kile kipande cha kwanza: M-li-ma-we-tu-Ki-li-ma-nja-ro, kumi. Ondoa "wetu" tu, upate "Mlima Kilimanjaro", nane kamili. Mshororo sasa una mizani 16, na ukiughani utausikia unavyotulia.

Wengi hukwama kwenye herufi m. Katika "mtori" inasimama peke yake, m-to-ri, kwa hiyo ni mizani tatu. Katika "mbege" imeshikana na b, mbe-ge, mbili basi. Sikio ndilo linaloamua, kwa maana tungo hizi zilighanwa kabla hazijasomwa kimya kimya. Tamka kwa sauti huku ukigonga meza.

Na silabi ikizidi kwenye neno usilotaka kuliacha? Mshairi anaruhusiwa kulifupisha: "aliyefika" yenye mizani tano huwa "alofika", nne. Hiyo ndiyo inkisari. Itumie kwa kiasi; beti yenye maneno manne yaliyokatwa hainifurahishi hata kidogo.

Vina sasa, yaani silabi za mwisho wa vipande zinazofanana kutoka mshororo hadi mshororo. Mshororo wako umeweka "ro" katikati na "ra" mwishoni, basi unaofuata ufuate njia hiyohiyo:

Mlima Kilimanjaro, theluji yako yang'ara,
Hukujengwa kwa michoro, wala kwa yetu ishara.

Malizia miwili iliyobaki, ubeti wako utakuwa tarbia, yaani wa mishororo minne.

Utenzi na shairi vinatofautianaje? Msomaji, Ngarenaro, Arusha.

Utenzi una mishororo minne mifupi, kwa kawaida ya mizani nane nane, isiyogawanywa katikati. Mitatu ya kwanza hushirikiana kina, wa nne huwa na kina chake kinachorudi mwisho wa kila ubeti tangu mwanzo hadi tamati. Tazama:

Sokoni pale Arusha,
mizigo tumeishusha,
jua linatukausha,
ndizi tele na viazi.

Ubeti unaofuata unaweza kubadili "sha", lakini lazima uishie kwa "zi". Kwa wepesi huo utenzi hubeba habari ndefu: vita, maisha ya mtu, wosia. Mshairi Mwanakupona alitumia umbo hili mwaka 1858 kumwusia binti yake. Anayeanza kutunga ningemshauri aanzie hapa.

Kibwagizo ni lazima?

Si lazima. Mshororo wa mwisho ukirudiwa ulivyo katika kila ubeti ni kibwagizo. Ukibadilika ni kimalizio. Vyote viwili ni halali.

Mimi ni kijana wa Sakina, Arusha. Mashairi yangu hayana vina wala mizani, na wazee wanasema si mashairi. Wana haki?

Hoja yao ina mizizi. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na wengi wakashika kuwa vina na mizani ndio uti wa mgongo. Ndiye huyohuyo ambaye uwanja wa mpira wa hapo mjini kwenu unaitwa kwa jina lake; wanaokwenda kutazama mechi hapo wangefurahi kujua kwamba ni jina la mshairi. Kisha mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa *Kichomi*, diwani ya mashairi huru, na mabishano yakawa makali.

Mimi nasema ni mashairi, kijana wangu. Ila tenganisha shairi huru na guni. Guni ni lile lililokusudia kufuata kanuni likashindwa, vina vikaanguka njiani. Shairi huru limeziacha kanuni kwa makusudi, kwa hiyo linadaiwa zaidi kwenye picha, urudiaji wa maneno na mahali pa kukata mstari. Jaribio langu ni hili: unganisha mistari yako yote iwe aya moja, kisha msomee mtu. Akisikia habari ya kawaida tu, rudi ukaifanyie kazi. Nitumie moja ya tungo zako pamoja na utenzi wa beti tano juu ya jambo hilohilo, nizisome zote mbili.