Koo la sungura na la mdogo wangu, wapi na wapi?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Mdogo wangu aligongwa akiwa kwenye bodaboda pale Kiboriloni, akalazwa ICU karibu wiki mbili na mpira wa kupumulia kooni. Alitoka mzima, lakini baadaye akaanza kuhema kwa mluzi. Duka la dawa walimpa pampu ya pumu, haikusaidia. Daktari wa koo amekuta kovu limebana njia ya hewa, akasema dawa za kovu hilo bado zinajaribiwa kwa sungura na nguruwe. Kwa nini wanyama?
Mama Glory, Pasua, Moshi

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Karibu na ncha ya mpira ule kuna kiputo kinachojazwa hewa ili hewa ya mashine isivuje. Kila zamu tulikuwa tunapima presha yake kwa geji: sentimita 20 hadi 30 za maji, basi. Ukizidisha, kiputo kinabana utando hadi damu haipiti. Panachubuka, panakuwa kidonda, kinaota kinyama, kisha kovu linajivuta polepole. Ndiyo maana mgonjwa anaruhusiwa akiwa vizuri, mluzi unakuja wiki kadhaa baadaye. Mluzi wa kovu husikika hasa anapovuta pumzi. Wa pumu, anapoitoa.

Sasa hebu fikiria: nani atakubali kukatwa kipande cha koo kila wiki ili watafiti waone kovu linavyokua? Sungura mweupe wa maabara ana njia ya hewa inayokaribiana kwa upana na ya mtoto mchanga. Ya nguruwe inakaribia ya mtu mzima, hata vifaa vyetu vinaingia. Sungura hulazwa kwa dawa ya usingizi, kisha utando ulio chini ya nyuzi za sauti husuguliwa kwa kiburashi cha nailoni. Hapo ndipo penye pete ya gegedu, yaani mfupa laini kama wa sikio, iliyozunguka nzima, isiyotanuka, kwa hiyo uvimbe hauna pa kwenda ila ndani. Wengine hupewa dawa, wengine hawapewi, na mwishoni huuawa ili makoo yao yalinganishwe kwa hadubini. Inaniuma, lakini sioni njia nyingine iliyokamilika ya kuliona kovu tangu siku ya kwanza.

Ila kidonda cha burashi ni cha dakika chache, kwa mnyama mwenye afya. Cha mdogo wako kilikuja na majeraha, homa, na siku nyingi za mpira kukaa palepale. Kwa hiyo mtu akikuuzia dawa kwa maneno kwamba imeponya sungura, usinunue.

Mwulize daktari njia imeziba kwa kiasi gani. Isipofika nusu, ni daraja la kwanza. Ikiziba kabisa, la nne. Kuna kutanua kwa puto, kuna kukata sehemu yenye kovu na kuunga. Akianza kupiga mluzi hata akiwa amekaa, au akashindwa kumaliza sentensi, usingoje kliniki: mpeleke hospitali usiku huohuo, na uwaambie mlangoni kwamba aliwahi kuwekewa mpira.