Mwanafunzi wa kuchomelea aanze na mstari, si na geti

Kila likizo ya Desemba napokea karakanani vijana watatu au wanne wa kidato cha tatu. Wakifika tu, wanataka kuunga geti. Siwapi. Nawapa kipande cha bamba la milimita 6 na rodi za kuchomelea aina ya 6013, zile nyembamba za milimita 2.5, wapige mistari ya chuma kilichoyeyuka hadi bamba lijae.

Lakini kwanza tunamaliza habari ya macho. Mimi kazi nilifundishwa na fundi aliyevaa miwani ya jua, nami nikamwiga. Usiku wake niliamka macho yanawaka kama yaliyomwagiwa mchanga. Mama akanikanda kwa kitambaa cha maji baridi hadi alfajiri. Mchana ule sikuwa nimesikia maumivu yoyote. Kwa hiyo kwangu, asiye na ngao ya uso yenye kioo cheusi namba 10 au 11 (namba ya ukali wa giza lake) hagusi mashine, na anayesimama kando kutazama naye anavaa. Nguo ziwe za pamba, mikono mirefu. Nailoni ikiangukiwa na cheche huyeyuka ikagandia ngozini. Na vyuma vilivyopakwa zinki, kama mabomba ya maji, msiwape wanaoanza: moshi wake huleta homa.

Kuwasha rodi ndiko kunakowatoa jasho. Wanaikandamiza kama wanagonga muhuri, inanata, wanaogopa. Mwambie aikwaruze kama njiti ya kiberiti, kisha ainue kidogo, pengo lisizidi unene wa rodi yenyewe. Ikinata, azungushe kiganja inyofoke. Ikigoma, afungue koleo linaloishika, aiachie. Mashine naiweka ampea 75 hivi. Rodi ilalie kidogo upande inakokwenda.

Halafu msikilize pamoja. Rodi inayokwenda vizuri hulia kama mafuta yanayokaanga maandazi, mfululizo. Ikianza kupasuka-pasuka, mkono umeinuka mno.

Mwaka jana binti mmoja alihangaika siku mbili nzima, mistari yake mabonge matupu. Nikamwambia, "Mwanangu, achana na mwanga. Tazama kidimbwi cha chuma kilichoyeyuka, kikitanuka ndipo usogee." Akajaribu. Alipogonga magamba yaliyoganda juu ya mstari kwa nyundo na kupitisha brashi ya waya, mstari ulitokea umejipanga kama sarafu zilizolaliana. Akasubiri upoe, akaupapasa kwa kidole mwanzo hadi mwisho, kisha akaniomba bamba lile akamwonyeshe baba yake.

Geti alilianza wiki ya tatu.