Kugawanya Namba Ndogo kwa Kubwa: Jibu kwa Kijana wa Ujiji

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Ujiji aliniandikia kwamba anajifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, kwa simu, na kwamba programu yake ya kukagua kama 5 inagawanyika kwa 20 bila baki, aliyoiandika 5 % 20, inamletea 5 kila anapoijaribu, ilhali yeye alitarajia sifuri, au angalau 0.25. Aliuliza kama simu yake ni mbovu. Simu ni nzima, na jibu alilopata ndilo sahihi.

Alama ya % haitafuti jibu la kugawanya bali hutafuta kinachobaki. Kwa kuwa 20 haiingii ndani ya 5 hata mara moja, 5 yote inabaki, na ndivyo ilivyo kwa kila namba nzima chanya inayogawanywa kwa namba iliyo kubwa kuliko yenyewe. Ile 0.25 hutolewa na alama ya /, ambayo kazi yake ni nyingine kabisa.

Swali hili la 5 % 20 linanigusa kwa sababu niliwahi kuulizwa neno kwa neno katika usaili wa kazi hapa Tabora. Nilijibu 5. Wajumbe wa jopo wakatazamana, kisha mmoja wao akacheka na kusema kwamba hata mtoto wa darasa la nne anajua kuwa 5 haigawanyiki kwa 20. Niliomba kutumia kompyuta iliyokuwa pale pale mezani ili niwaonyeshe, nikaambiwa muda umekwisha. Kazi sikuipata. Leo ninawaandikia wafanyabiashara wa asali programu za kupanga mizigo yao, na kila ninapopita mbele ya geti la ofisi ile nikiwa na kompyuta yangu begani, sioni sababu ya kuharakisha mwendo.

Ushauri wangu ni huu: kabla hujagusa kibodi, andika swali lako kwa sentensi kamili, ukitaja namba ipi inagawanywa na ipi inagawanya. Nadhani kijana wetu alitaka kujua kama 5 ni kigawo cha 20, na hilo huandikwa 20 % 5, ambayo baki yake ni 0.

Chukua katoni inayobeba chupa 24 za asali. Ili kujua kama oda ya mteja itajaza katoni bila chupa kubaki, tunaandika oda % 24. Oda ya chupa 12 italeta 12, na tutajua kwamba katoni haikujaa. Ukigeuza ukaandika 24 % oda, chupa hizo hizo 12 zitaleta 0, na programu itamwambia mwenye mzigo kuwa katoni imejaa wakati nusu yake ni tupu. Usijaribu programu yako kwa oda ya 24 peke yake, kwa maana hapo pande zote mbili hutoa 0 na kosa hujificha. Ijaribu kwa 12, kisha kwa 48. Vijana wengi hujaribu namba moja tu, wakaona jibu zuri, wakafunga kompyuta na kwenda kujisifu.

Wala baki hiyo ya namba ndogo kwa kubwa si ya kudharauliwa. Kanuni ya Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, ya kutafuta KKS (Kigawo Kikubwa cha Shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayogawanya namba mbili bila baki) huitegemea: ukianza na 18 % 48 unapata 18, yaani namba zimebadilishana nafasi zenyewe, kisha 48 % 18 ni 12, 18 % 12 ni 6, na 12 % 6 ni 0. KKS ni 6, hata kama ulianza na namba ndogo.

Limebaki jambo la sifuri. Sifuri ni ndogo kuliko 24, lakini 0 % 24 ni 0, kwa hiyo mteja ambaye hajaagiza chochote ataonekana amejaza katoni. Andika oda > 0 and oda % 24 == 0, na oda tupu haitapita.