Kupima mvujo wa vali za usalama kwenye mtambo wa nyuklia: kwa mnaoanza kazi

Mvujo wa vali hupimwa kwa kuingiza gesi upande wa kuingilia, kisha kuhesabu viputo vinavyotoka kwenye bomba lililounganishwa upande wa kutokea na kuzamishwa majini. Ukihesabu viputo na usione hata kimoja, usikimbilie kuandika kwamba vali imepita. Vali yenye kiti (uso ambapo diski hukaa ili kufunga) cha chuma kilichosagwa vizuri inaweza kweli kutoa sifuri. Lakini sifuri hiyohiyo utaipata kwa gasketi iliyokaa upande, kofia ya boneti (kifuniko cha juu cha vali) isiyokazwa au bomba la kuhesabia lenye uchafu ndani. Gesi inayopita kwenye kiti haina haja ya kupita kwenye bomba lako. Itatokea popote penye upenyo. Kwa hiyo kabla ya kupima, thibitisha kifaa chenyewe. Ingiza gesi kidogo sana upande wa kutokea wa vali, uone viputo vinatoka kwenye maji, kisha paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo kati ya kiti na bomba. Kazi hii ni ya dakika tano, na bila hiyo namba utakayoandika haina maana.

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huona mvujo mdogo kama suala la usafi tu: mvuke kidogo unapotea, maji kidogo yanakwenda kwenye tangi. Someni kilichotokea kwenye mtambo wa nyuklia wa Three Mile Island, Pennsylvania, Marekani, tarehe 28 Machi 1979. Vali ya kupunguza presha iliyo juu ya tangi la kudhibiti presha ilifunguka, kisha ikagoma kufunga. Kipimajoto cha bomba la kutokea kilionyesha joto kubwa, lakini bomba hilo lilikuwa na joto kupita kawaida hata kabla ya siku ile kwa sababu ya mvujo uliokuwapo, na waendeshaji walikuwa wamelizoea. Taratibu zao ziliwataka wafunge vali ya kuzuia, iliyo chini ya ile iliyogoma, pindi joto linapofika nyuzi 130 za Fahrenheit, yaani 54 za Selsiasi. Ilipita zaidi ya saa mbili kabla haijafungwa, na sehemu kubwa ya fueli ikaharibika. Baada ya hapo mamlaka ya nyuklia ya Marekani ilidai mitambo iwe na kipimo cha moja kwa moja kinachoonyesha kama vali imefunguka au imefunga. Mvujo uliovumiliwa huwapofusha walio kwenye chumba cha udhibiti. Hiyo ndiyo sababu ya ukali wote mtakaokutana nao kwenye benchi ya majaribio.

Sasa namba. Kiwango kinachotumika sana kwa kubana kwa kiti ni API 527, cha Taasisi ya Petroli ya Marekani. Kwa vali inayofunguka kwa zaidi ya psi 50 (pauni kwa inchi ya mraba), jaribio la hewa au nitrojeni hufanywa kwa asilimia 90 ya presha ya kufungukia. Chini ya hapo, unapima psi 5 pungufu ya presha ya kufungukia. Chukua vali za usalama za tangi la kudhibiti presha kwenye vinu vingi vya maji ya presha vya Kimarekani: zimewekwa zifunguke kwa psi 2485, karibu bar 171. Asilimia 90 yake ni kama psi 2236, na presha ya kawaida ya kinu kikiwa kazini ni psi 2235. Kwa hiyo ukipima sawasawa, kiti kinakutana na presha ileile kitakayoishi nayo mchana na usiku. Ukipima kwa asilimia 80 ili upate matokeo mazuri, umeipima vali ambayo mtambo hauna.

Bomba la kuhesabia lina vipimo vyake na si la kubuni. Kipenyo cha nje ni inchi 5/16 (milimita 7.9), unene wa ukuta ni inchi 0.035 (milimita 0.9), na mdomo wake umekatwa mraba bila vinyweleo, ukiwa nusu inchi chini ya uso wa maji. Kwa bomba hilo kiputo kimoja ni karibu mililita 0.3 za gesi. Mdomo ukikatwa mshazari au bomba likizamishwa zaidi, ukubwa wa kiputo hubadilika, nawe unahesabu kitu kingine. Vali ya inchi 2 na chini huachwa chini ya presha dakika 1 kabla ya kuanza kuhesabu, za inchi 2½ hadi 4 dakika 2, za inchi 6 na zaidi dakika 5. Usifupishe muda huu: nafasi iliyo kati ya kiti na maji lazima ijae kwanza, na kwa vali kubwa hujaa polepole. Kisha hesabu kwa dakika nzima.

Kwa kiti cha chuma na presha ya kufungukia isiyozidi psi 1000, kikomo ni viputo 40 kwa dakika kwa tundu la herufi F (ukubwa wa matundu ya vali hutajwa kwa herufi) au dogo zaidi, na 20 kwa matundu makubwa zaidi. Viputo 20 kwa dakika ni kama lita 8.5 za gesi kwa siku. Juu ya psi 1000 kikomo hupanda, kwa hiyo soma jedwali badala ya kukariri. Kiti laini, cha mpira au plastiki, hakiruhusiwi hata kiputo kimoja. Kwa maji, kiti cha chuma kinaruhusiwa sentimita za ujazo 10 kwa saa kwa kila inchi ya mlango wa kuingilia, ikiwa mlango ni wa inchi 1 au zaidi. Taratibu za mtambo wako zikiwa kali kuliko hizi, fuata za mtambo.

Wakati wa kufunga flanji ya kutokea, hakikisha ina sehemu itakayoachia presha vali ikifunguka kwa bahati mbaya. Mwili wa vali upande wa kutokea haukujengwa kwa presha ya upande wa kuingilia. Usisimame mbele ya flanji hiyo wala kuinamisha uso juu ya chombo cha maji, tumia kioo. Na kama unatumia nitrojeni kwenye chumba kidogo, kipima oksijeni kiwe kinafanya kazi, maana nitrojeni haina harufu ya kukuonya.

Vali za mvuke mkuu ni habari nyingine. Nyingi zina boneti iliyo wazi, na hupimwa kwa mvuke. Kausha kwanza maji yaliyokusanyika kwenye bakuli la mwili, panda hadi asilimia 90, subiri dakika 3, kisha angalia kwa dakika 1 ukiwa na kitambaa cheusi nyuma. Kinachotakiwa ni kutoona wala kusikia chochote. Usitafute mvujo kwa kiganja. Mvuke wa presha kubwa hauonekani pale unapotokea, wingu jeupe huanza mbele kidogo, na mkono utafika kwanza. Tumia kioo baridi kwenye fimbo ndefu. Subiri pia joto la mwili litulie, lisibadilike zaidi ya nyuzi 5 za Selsiasi kwa nusu saa, kabla ya kupima presha ya kufungukia. Vali iliyopashwa joto upande mmoja ina nozeli (bomba fupi la kuingilia lenye kiti juu yake) iliyopinda kidogo, na itavuja benchini ingawa kiti chake ni kizima.

Mpangilio wa hatua unawachanganya wageni. Kanuni ya ASME OM, ya chama cha wahandisi mitambo cha Marekani kuhusu uendeshaji na matengenezo ya mitambo ya nyuklia, inataka hali iliyokutwa ipimwe kabla hujasafisha, kukaza wala kurekebisha chochote: tazama kwa macho, pima mvujo, kisha pima presha ya kufungukia. Baada ya matengenezo mpangilio hugeuka, presha ya kufungukia kwanza, mvujo mwisho. Sababu ni kwamba kila mara vali inapofunguka diski hugonga kiti inaporudi, na punje moja ya uchafu inatosha kuacha alama. Ukipima mvujo kwanza halafu ukaifungua mara mbili tatu, hujui umepeleka nini mtamboni. Vali za daraja la 1 la usalama wa nyuklia hupimwa zote ndani ya miaka 5, na za daraja la 2 na 3 ndani ya miaka 10. Za mvuke mkuu kwenye vinu vya maji ya presha hufuata miaka 5 japo ni za daraja la 2.

Vali ikikataa, usianze kwa kukaza springi. Ukikaza unapandisha presha ya kufungukia, mvujo unapungua kwa muda, na umeharibu kazi ya msingi ya vali. Fungua uangalie kiti. Mistari myembamba inayokwenda kutoka ndani hadi nje ni mikato ya mvuke. Shimo moja ni uchafu uliobanwa. Alama nzito upande mmoja ni spindeli (fimbo ya katikati ya vali) iliyopinda au flanji inayovutwa na bomba. Kusaga huondoa alama, hakuondoi chanzo. Saga nozeli na diski kila moja peke yake kwa kipande cha chuma cha kutupwa kilicho bapa, usizisage moja juu ya nyingine. Anza na unga wa kusagia wenye chembe kubwa, malizia na mwembamba, na futa kabisa kila unga kabla ya kubadilisha. Bapa la diski hukaguliwa kwa kioo cha optiki chini ya taa ya heliamu, ambapo mstari mmoja ni kama mikroni 0.29. Mistari iliyonyooka ndiyo tunayoitaka.

Kuna makosa mawili ya kuunganisha yanayorudisha vali nyingi benchini. La kwanza ni pini inayozuia ringi ya nozeli isizunguke. Iingie kati ya meno bila kusukuma ringi, kwa kuwa ikisukuma inaivuta nozeli pembeni na kiti kinavuja. Hesabu meno kabla ya kuvunja, andika, na urudishe hesabu ileile. La pili ni bolti ya kubana spindeli, inayozuia vali isifunguke wakati wa jaribio. Hukazwa kwa vidole tu. Ukitumia spana unapinda spindeli na kukandamiza kiti. Bolti hiyo haitumiki kamwe kuzima mvujo, na kuiacha ndani baada ya jaribio ni kuuacha mfumo bila ulinzi. Iwe na kitambulisho chekundu, na kutolewa kwake kusainiwe na mtu wa pili.

Vali zilizotoka kwenye mzunguko wa kwanza huja na uchafu wa mionzi na mabaki ya asidi ya boriki. Wataalamu wa kinga ya mionzi wapime kwanza, na usafishaji ubaki nje ya mwili mpaka hali iliyokutwa ipimwe. Ukisafisha mlango wa kuingilia kwa dawa kabla ya hapo, umefuta ushahidi.

Vali iliyopita ifungwe milango yote miwili, isafirishwe ikiwa wima, isilazwe wala kuinuliwa kwa mkono wake wa kufungulia. Ikigongwa au kudondoka njiani, cheti chake kimekufa. Irudi benchini ipimwe upya.