Je, Rais wa Tanzania anaweza kutangaza vita peke yake?

Ndiyo, kutangaza anaweza. Ila lazima tangazo lifike Bungeni. Ibara ya 44 ya Katiba inampa mamlaka hayo, kisha inamtaka apeleke nakala kwa Spika. Spika akishauriana na Kiongozi wa Shughuli za Serikali Bungeni (yaani Waziri Mkuu), anaitisha mkutano ndani ya siku 14 tangu tarehe ya tangazo, ili wabunge wapitishe au wasipitishe azimio la kuunga mkono.

Pengo liko hapa, na ni kubwa: ibara hiyo haisemi kinachofuata azimio likikataliwa. Linganisha na hali ya hatari, ibara ya 32. Pale inahitajika theluthi mbili ya wabunge wote, na siku 14 zikipita bila azimio, tangazo linakufa lenyewe. Ajabu kweli kwamba vita, jambo zito kuliko yote, havikuwekewa kufuli kama hilo.

Kenya ni tofauti: kwa ibara ya 132(4), Rais hutangaza vita baada ya kupata idhini ya Bunge. Hata kupeleka wanajeshi nje ya nchi, ibara ya 240(8) inataka idhini hiyo. Msichanganye katiba hizi mbili.